Naomba ushauri: kwa nini "go" huwa "went"?

Ndugu walimu na wapenzi wa lugha, nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma. Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika ubaoni "goed", na nilipomsahihisha akaniuliza, chaki ikiwa bado mkononi, kwa nini wakati uliopita wa "go" ni "went" ilhali maneno hayo hayafanani hata kwa herufi moja. Nilikosa jibu, maana hata mimi nilikariri tu.

Nimepekua kamusi na kukuta kwamba "went" ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend", chenye maana ya kugeuka au kushika njia, na kwamba Kiingereza cha Kale kilitumia "eode", umbo ambalo baadaye lilitoweka na "went" ikachukua nafasi yake. Asili nimeielewa, kuieleza darasani bila kuwachosha watoto ndiko kunakonishinda. Nimefikiria kulinganisha na kitenzi "kuja", ambacho tunapoamuru husema "njoo", ingawa naogopa kupotosha.

Je, mfano huo unafaa? Na je, mbali na "be", kuna kitenzi kingine cha Kiingereza kilichochanganya asili mbili namna hii?