ALILAMBA KIDOLE AKAFUNULIA SUPERMAN WANGU WA 1971. KIDOLE, WAKUU!

Joho Jekundu ameandika:

Wakuu, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mjue sababu.

Simtaji jina. Mnamjua wote. Ni yule wa "nitakurudishia Ijumaa". Leo kaja kwangu kuangalia mpira. Nimempa sambusa, nimempa chai, nimempa kiti cha kwenye feni. Mapumziko yalipofika nikasema ngoja nimwonyeshe mwenzangu kitu cha maana. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaenda kabatini, nikamtolea kitabu cha katuni cha Superman namba 233, cha Januari 1971, jalada la mchoraji Neal Adams. Marehemu baba alikuwa baharia, alirudi nacho kwenye sanduku lake. Bei imeandikwa hapo hapo juu, senti 15 za Marekani.

Aliyewahi kuliona lile jalada ananielewa. Superman kakutazama usoni, kifua mbele, minyororo ya kriptonaiti inakatika vipande vipande. Kriptonaiti, yale mawe ya sayari alikozaliwa, ndiyo iliyokuwa ikimlaza chini miaka yote, na Adams kamchora anaikata kama uzi wa kushonea! Unasikia mlio. Mimi nimelisikia lile jalada tangu nina miaka sita.

Basi akalipokea kwa mkono ule ule wa sambusa. Halafu AKALAMBA KIDOLE.

Ulimi ulitoka mrefu kama foleni ya Mbagala. Akakibandika kidole kwenye kona ya jalada, akafunua. Nikasema moyoni labda nimeona vibaya. Akalamba TENA, ukurasa wa pili.

Wakuu, karatasi za ndani za vitabu hivi ni zile za gazeti, zina asidi, zinajila zenyewe hata usipozigusa. Ndiyo maana nakiweka kwenye mfuko wa plastiki, nyuma kuna kadi isiyo na asidi, mbali na dirisha. Miaka 50 na ushee kitabu kimekimbia jua, joto na mende, kimekuja kuuawa na mate! Na dole gumba la mafuta limebaki kifuani kwa Superman, karibu kabisa na ile S. Linang'aa. Ukizima taa nadhani litaendelea kung'aa.

Nikamnyang'anya. Unajua alisema nini? "Si katuni ya watoto tu hii?" Ya watoto! Nikamwonyesha kwenye simu Action Comics namba 1, ya Juni 1938, Joe Shuster kamchora Superman kanyanyua gari la kijani, na pale kona ya chini kushoto kuna yule mtu anayekimbia kashika kichwa. Akasema, "Kumbe alianza kama mwizi wa magari." Lile gari ni la majambazi waliomteka Lois Lane, yule mwandishi wa habari! Fungua ndani usome! Ila usilambe kidole!

Nimeshindwa hata kuangalia kipindi cha pili.

Kisu Butu: Mkuu, umenawa mikono kwa sabuni ili ushike kitabu cha senti 15. Juzi nimekula kwako ubwabwa, hukunawa.

Mama Swaumu: Pole baba. Lakini na wewe, mtu anakula sambusa unampa kitabu cha thamani? Ungengoja amalize.

Joho Jekundu: Dada, alikuwa AMEMALIZA. Ndiyo maana kidole kilikuwa na nafasi ya kulambwa.

Ngao ya Duara: Mate yamemtendea haki. Jalada ni Captain America namba 1 la Joe Simon na Jack Kirby. Limeingia madukani Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla Wajapani hawajaishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, na jamaa anampiga Hitler ngumi ya taya. Wako anabeba gari tu.

Joho Jekundu: Na ngao yake pale ni ya pembe, wala si ya duara kama jina lako. Ya duara imekuja namba 2. Turudi kwenye kidole.

Popo wa Kariakoo: Mnaongelea kidole, mimi naumia na Bill Finger. Detective Comics namba 27, Mei 1939, Batman ananing'inia kwenye kamba kamkaba mtu shingo. Finger ndiye aliyeiandika hadithi ile, akafa 1974, na jina lake halikuandikwa rasmi kama mmoja wa wabunifu wa Batman mpaka 2015. Huo ndio uonevu, siyo mafuta ya sambusa.

Kisu Butu: Superman si ndiye aliyepigwa na Muhammad Ali 1978? Jalada lenyewe linazunguka mbele na nyuma, ukumbi umejaa watu maarufu, mpaka Jackson 5 wamo, wote wamekuja kushuhudia kipigo.

Joho Jekundu: Walipigana chini ya jua jekundu, hakuwa na nguvu zake! Jalada hilo ni la Adams huyo huyo, nalipenda. Lakini KIDOLE, jamani.

Mama Swaumu: Mimi nilikuwa na magazeti yangu ya katuni ya Sani ya zamani, yale ya kina Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge, boksi zima. Wifi yangu akayafungia vitumbua. Nilikutana na Madenge sokoni kafungwa kitumbua, mafuta mpaka machoni.

Popo wa Kariakoo: Daah. Huyo wifi ana moyo gani?

Mama Swaumu: Na kitumbua chenyewe akaniuzia.

Fundi Wa Pili: Wakuu, huyo jamaa wa "Ijumaa" ni mrefu, ana kofia ya bluu? Ana pasi yangu tangu Mfungo Mosi.

Ngao ya Duara: Pasi ya rangi gani? Mimi kaniletea pasi akasema ni yake, kaniachia kama dhamana ya elfu ishirini.

Joho Jekundu: Jamani, alilamba mara MBILI.

Fundi Wa Pili: Nyeupe, waya umefungwa selotepu nyeusi karibu na plagi.

Ngao ya Duara: Selotepu ipo. Njoo na elfu ishirini yangu.

Fundi Wa Pili: Elfu ishirini ya nini, pasi si yangu?

Mama Swaumu: Na wifi naye alisema hivyo hivyo, magazeti si ya nyumba nzima?