Walimu wa sayansi mnajiendelezaje?

Mwl_Fizikia: Jamani wenzangu, nafundisha umeme, maabara hatuna, na semina ni slaidi mwanzo mwisho. Mnajifunzia wapi vitu vya kutumia darasani kesho yake?

BintiSayansi: Ingia PhET, tovuti ya simulesheni (majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta) ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ipo tangu 2002 na ni bure. Ile ya saketi mwanafunzi anaunganisha betri na balbu mwenyewe, akiongeza balbu kwenye mfululizo anaona mwanga unafifia. Ila waache watabiri kwanza, hapo ndo utawajua wanaoamini balbu ya kwanza "inakula" umeme.

MzeeKemia: Kweli kabisa, ila tafuteni pia muda mpange somo moja pamoja, mmoja afundishe, wengine waangalie wanafunzi wanakwama wapi. Wajapani wanafanya hivyo miaka mingi, inajenga kuliko cheti.

Mwl_Fizikia: Asanteni sana! PhET inafanya kazi bila bando?

BintiSayansi: Ndiyo, unadaunlodi mara moja tu.