Kutoa upepo breki za lori nyumbani: njia ya mguu, pampu ya kuvuta au ya kusukuma?

Kijana_Uyole: Wakuu habari. Pedali ya lori inazama, nikipampu mara mbili tatu inapanda. Nataka kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) mwenyewe hapa nyumbani. Ninunue pampu ya kuvuta ya mkono, nigeuze bomba la kupulizia dawa ya viazi liwe la kusukuma, au nibaki na mguu, mpira na chupa? Jumatatu gari inapakia.

SpanaRingi: Lori gani mkuu? Kama breki ni za upepo mtupu, hakuna mafuta ya kutoa, unamwaga maji kwenye mitungi tu. Na mafuta ya breki kwenye kikopo chake yanashuka au hayashuki? Yakishuka kuna mahali panavuja.

Kijana_Uyole: Samahani. Canter, dramu mbele na nyuma, breki za mafuta. Mafuta kwenye kikopo hayashuki.

Mzee_Mbalizi: Basi weka pampu pembeni, bana breki kwanza, yaani sogeza laining (vipande vinavyosugua dramu) karibu na dramu. Pedali inayopanda ukipampu mara nyingi ni laining zilizo mbali na dramu. Inua tairi, zungusha adjasta (gurudumu dogo la kusogeza laining) kwa bisibisi mpaka tairi lishike, halafu rudisha hadi lizunguke likikwaruza kwa mbali. Ikibaki kama sponji ndipo utoe upepo. Anza tairi la mbali na masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwenzako apampu mara tatu na ashikilie. Wewe fungua nati ya kutolea upepo kwenye tairi, yenye mpira unaoingia kwenye chupa, robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, umerudisha upepo ndani.

SpanaRingi: Ongeza: kipande cha ubao chini ya pedali. Masta ya zamani ina kutu sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku. Ukikanyaga hadi chini, mipira inapita hapo na kuchanika. Na usitumie spana ya mdomo wazi, inaviringisha nati.

Kyela_Juu: Mimi nasema pampu ya kuvuta, unafanya peke yako.

Mzee_Mbalizi: Inadanganya. Ikivuta, hewa hupita kwenye nyuzi za nati iliyolegea, unaona mapovu yasiyoisha huku ndani kumeshakwisha. Paka grisi kidogo kuzunguka nati.

Kyela_Juu: Sawa, ila mapovu hayo hayaingii kwenye breki, yanakwenda kwenye chupa.

Ilula_Mlimani: Bomba la dawa liache. Mipira yake haikutengenezwa kwa mafuta ya breki, na maji yaliyobaki ndani yanaingia kwenye mfumo. Ukisukuma zaidi ya psi 15, kifuniko cha kikopo kinaweza kuruka na mafuta yakala rangi ya kabini.

Pia angalia unachojaza. Kuna Canter iliongezwa haidroliki (mafuta ya mitambo, si ya breki). Mipira ya masta ikavimba, ikaziba kitundu cha kurudishia mafuta, breki zikakataa kuachia. Dramu zilichemka hadi grisi ya beringi ikachuruzika kwenye rimu. Ilibidi kubadili mipira ya masta, wili silinda (silinda ndogo za breki kwenye matairi) zote na hozi, na kusafisha paipu zote. Ukishuku, dondosha tone kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki huyeyuka humo, haidroliki huelea.

Kyela_Juu: Mafuta ya breki ya daraja gani, DOT 3 au DOT 4?

Ilula_Mlimani: DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kuanzia 230°C, DOT 3 kuanzia 205. Yakinyonya maji hushuka hadi 155 na 140. Kwa kushuka mteremko mkali wa Kitonga na mzigo, tofauti hiyo ni kubwa.

SpanaRingi: Kitonga unashuka kwa gia na breki ya ekzosi (inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo), si kwa DOT 4. Gia gani mnatumia na tani 4?

Mzee_Mbalizi: Ya pili, kabla mteremko haujaanza.

Kijana_Uyole: Ya kwangu breki ya ekzosi haishiki kabisa. Inaweza kuwa vali au waya?