Mrejesho: nimetoka kwenye wino wa printa

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana niliwauliza nitapandaje kazini, miaka mitatu nabadilisha wino wa printa na kufufua kompyuta za ofisi hapa Kigoma. Mkaniambia nisome mitandao, nianzie CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco.

Nimesoma usiku, nyumbani Mwanga, kwa Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta. Kilichonitesa ni kugawa anwani za IP, zile namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao. Nilijaza daftari zima mpaka /26, yaani ukubwa wa kipande cha mtandao, ikaniingia: anwani 64, za kugawia vifaa 62.

Mwezi uliopita mtandao wa ofisi ulikwama. Nikakuta swichi mbili, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta, zimeungwa kwa nyaya mbili, data inazunguka tu. Nikachomoa mmoja, ukarudi. Bosi alikuwa kasimama nyuma yangu.

Jumatatu naanza kama msaidizi wa msimamizi wa mitandao! Mtihani bado, nakusanya ada. Asanteni sana, hasa dada aliyenitumia notsi zake.