Kiwanja cha hamsini kwa mia: mzinga, nyuki wadogo, au maua tu?

MamaSwabra_Jinja
Jamani, habari za jioni. Nina kiwanja cha futi hamsini kwa mia huku Walukuba, Jinja. Nyumba imekula nusu, nyuma nimebaki na kibustani: maboga, nakati (mboga ya majani, jamii ya biringanya), biringanya, na pasheni iliyopanda ukuta. Msimu huu maboga yananiumiza moyo. Vinatoka viboga vya ukubwa wa limau, vinakaa siku tatu nne, vinageuka manjano, vinadondoka. Jirani anasema ni kwa sababu hakuna nyuki, nami nataka niwalete. Naona njia tatu: ninunue mzinga wa KTB (ule wa Kenya wa vijiti vya juu) niutundike kwenye mwembe, nitafute wale nyuki wadogo wasiouma, au nipande maua tu ningoje. Ipi inanifaa? Nina watoto wawili, na nyuma ya ukuta kuna chekechea.

Mrina_Arua
Chekechea nyuma ya ukuta? Basi mama, ya kwanza ifute leo hii. Mimi nafuga nyuki na ninawapenda, lakini nyuki wetu si kama wale wa Ulaya unaowaona kwenye video, mtu anawashika mikono mitupu. Mmoja akichoma anaacha harufu kama ya ndizi bogoya iliyoiva, na harufu hiyo ndiyo king'ora, wenzake wanakuja palepale. Mizinga yangu iko zaidi ya mita 100 kutoka nyumba ya mwisho, na katikati nimeotesha miti ili wakitoka wapite juu ya vichwa vya watu. Futi 100 zako ni mita 30 tu. Utauweka wapi?

KijanaWaMbale
Mzee unamtisha mama wa watu. Babu yangu alikuwa na mizinga ya magogo juu ya mti karibu na jiko, na sisi tulikua chini yake. Tena KTB si gogo. Ina vijiti vya juu, kila kimoja upana wa milimita 32, unainua kimoja unaangalia, unakirudisha. Gogo ukilirina unavunja kila kitu. Langstroth, ule mzinga wa sanduku lenye fremu, sawa, ni nzuri, lakini bei yake iko juu na asali yake inataka mashine ya kukamulia. Kwa nyumbani ningeweka KTB moja, nisugue nta na mchaichai ndani, wakiingia wameingia. Maboga yanazaa na asali unapata.

Mrina_Arua
Babu yako alikuwa mlimani, jirani yake yuko ng'ambo ya bonde. Ngoja nikueleze yangu, maana niliwahi kufikiri kama wewe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mzinga mmoja nyuma ya nyumba, mmoja tu. Siku hiyo nikaenda kufyeka nyasi chini yake saa saba mchana, jua linachoma. Panga likagonga nguzo. Sisi tulikimbia tukajifungia ndani. Mbuzi wa jirani alikuwa kafungwa kamba kama hatua ishirini hivi, na mbuzi aliyefungwa atakimbilia wapi? Tulimsikia mpaka akanyamaza. Nilimlipa mwenye mbuzi, na bado alikaa mwaka mzima hanijibu salamu. Sasa badala ya mbuzi weka watoto wa chekechea saa ya kucheza.

KijanaWaMbale
Hapo umenifunga mdomo, mzee.

BibiBustani_Bombo
Mimi nasema nyuki wadogo, lakini usiwanunue. Kwangu wako ndani ya ukuta tangu nyumba ilipojengwa. Utaona kimrija cha nta kimetokeza kwenye ufa, chembamba kama mrija wa kalamu, na vinyuki vyeusi kama mbu vinaingia na kutoka. Mwiba wa kuchoma hawana. Ukiwachokoza wanakuingia kwenye nywele na macho, unabaki unajipiga makofi kama mwendawazimu, yakaisha. Asali yao ina uchachu, wanaiweka kwenye vijungu vidogo vya nta, wala hawana masega yale tuliyozoea. Ni kidogo mno. Usiwaze kuuza.

Nasema usinunue kwa sababu wanaowauza wengine hukata mti mzima msituni kuwatoa. Malkia wao akishaanza kutaga tumbo linakuwa kubwa hawezi tena kuruka, akidondoka pale kundi limekwisha. Umelipa pesa ukaletewa gogo la msiba.

MwalimuKilimo_Busia
Salamu wote. Mnabishana juu ya mizinga na hakuna aliyemuuliza mama maswali mawili. Dada, unatoka saa ngapi kuangalia nyuki? Ua la boga linafunguka alfajiri, na ikifika saa nne limeshanywea. Ukienda saa tano utaapa hakuna nyuki Jinja nzima. La pili: mnapuliza dawa? Saa ngapi?

Unijibu hayo kwanza. Nyuki wa asali husafiri kilomita mbili na zaidi kutafuta chakula, kwa hiyo huna haja ya kuwamiliki, wa watu wengine na wa vichakani wanakufikia. Wale wadogo wa Bibi hawaendi mbali, mita mia chache, hao ndio wa kuwakaribisha wakae hapohapo.

Na kuna kundi mmelisahau. Biringanya na nakati chavua yao, ule unga wa uzazi wa ua, imefungiwa kwenye vifuko vyenye tundu nchani. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Wanaoweza ni kama wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti: anakumbatia ua, anatetema mwili mzima, unasikia mngurumo unabadilika kabisa, chavua inamwagikia tumboni. Ukisimama karibu utaona ua linatikisika na hakuna upepo. Haohao ndio wenye mgongo wa kufikia chavua ya pasheni. Ua lile ni kubwa, nyuki wa asali anapita chini anakula bila kuligusa panapotakiwa. Watu wanawamwagia mafuta ya taa kwa ajili ya tundu moja kwenye boriti, halafu wanalalamika pasheni haizai.

MamaSwabra_Jinja
Mwalimu, naona aibu. Kijana wa bustani anapuliza kila Jumatano saa mbili asubuhi. Kuna wadudu wa rangi ya machungwa wanatoboa majani ya maboga. Na mimi hutoka kuangalia nikishamaliza kazi za jikoni, yaani saa tano.

MwalimuKilimo_Busia
Basi jibu lako ndilo hilo. Unapuliza saa ileile wageni wamekaa mezani. Mashina yako hayazidi kumi, wadudu hao waokotwe kwa mkono asubuhi na mapema kabla hawajachangamka, watiwe kwenye kopo la maji ya sabuni. Ikishindikana kabisa, dawa ipulizwe jioni maua yakiwa yamefunga. Wakati huu unaongoja nyuki warudi, wewe mwenyewe uwe nyuki: chuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba bila kiboga chini, litoe petali, ulipakaze katikati ya ua jike. Kabla ya saa tatu.

KijanaWaMbale
Na maua apande yapi? Kwetu kila mtu ana bougainvillea.

BibiBustani_Bombo
Hiyo ni pambo la geti, nyuki wa asali hapati kitu cha maana pale. Mujaaja unayonywea chai, iache itoe maua. Mrihani vilevile, na giligilani ikikuponyoka ikarefuka usiing'oe. Alizeti chache. Watu wanapenda mibuni, kweli nyuki wanaifurahia, ila inachanua yote kwa pamoja baada ya mvua, siku chache, kisha kimya. Unataka kitu kinachotoa maua miezi yote, hata kile kishona nguo pembeni mnachokifyeka. Beseni la maji lenye mawe yaliyotokeza juu, wasizame. Na tafadhali mama, usisakafie ua wote. Nyuki wengi wanachimba udongo mtupu.

MwalimuKilimo_Busia
Ongezea vipande vya mwanzi vilivyofungwa pamoja chini ya paa, nyuki wengine hukaa humo. Ukiona majani ya waridi yamekatwa duara safi kama kwa mkasi, usipige kelele, kuna mama nyuki amechukua shuka za kitanda cha mwanawe.

MamaSwabra_Jinja
Narudi. Leo nimetoka saa moja kasoro. Ua moja la boga lilikuwa na nyuki watatu, mmoja kajaa unga wa njano mpaka haonekani rangi. Kwa hiyo walikuwepo siku zote, mimi ndiye nilikuwa nimelala. Lakini Bibi, kuna jambo. Ule ufa ulio juu ya dirisha la jiko, ambao fundi anakuja leo kuupiga lipu, una kimrija. Nimekitazama kwa tochi ya simu, vinatoka. Fundi ameshachanganya simenti, anataka kuanza.

BibiBustani_Bombo
Mwambie aanzie bafuni! Hapo aache tundu.

MamaSwabra_Jinja
Ananicheka, lakini amehama na ndoo yake.