Naandika hadithi ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana. Niwarudishe pamoja mwishoni?

Mwalimu wa Ijumaa

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, hapa Dodoma mjini. Kila Ijumaa masomo yakiisha nakaa na watoto 26 wa darasa la nne na la tano chini ya mwarobaini, tunasoma hadithi. Hakuna mtihani wala daftari. Upepo ukizidisha vumbi tunahamia barazani, tunaendelea.

Mwaka jana binti mmoja wa kikundi hicho alikuja shule Jumatatu amevaa kandambili. Nilipomuuliza viatu viko wapi akanijibu kwa sauti ya chini, "Viko kwa baba." Nikamwacha aingie darasani. Tangu siku hiyo nikawa natega sikio, nikaona kumbe hayuko peke yake. Kuna ambaye daftari lake la hisabati liko kwa mama. Kuna anayezijua siku za wiki kwa nyumba anayolala.

Nilitafuta hadithi ya Kiswahili ya kuwasomea watoto wa miaka 9 hadi 12 juu ya jambo hili. Ngano zetu zinamjua yatima, zinamjua mama wa kambo. Mama amekufa, baba kaoa, mtoto ananyimwa chakula, kaburi la mama linaota mti. Ni nzuri, nazipenda, nimekulia humo. Ila mama aliye hai, anayeishi mwendo wa daladala mbili, anayepiga simu jioni huku mtoto akijua baba anasikiliza, huyo sikumkuta. Ndipo nikaanza kuandika mwenyewe.

Msichana wangu anaitwa Sechelela, ana miaka 11. Baba ana shamba la zabibu Hombolo. Mama amehamia Nkuhungu, anasuka nywele. Mdogo wake Daudi, miaka 6, amekwenda na mama, Sechelela kabaki na baba. Yaani ameachana na mama na mdogo wake siku moja, na hakuna aliyemketisha akamweleza. Anaona tu begi la Daudi halipo msumarini.

Mwisho wa kwanza nilioandika, bibi anaugua, wazazi wanakutana hospitali, wanalia, wanarudiana. Nikausoma Ijumaa. Watoto walipiga makofi. Walipotawanyika, yule binti wa kandambili alibaki. Akaniuliza: "Mwalimu, Sechelela alifanya nini mpaka wakarudiana?"

Sikuwa na jibu. Alidhani hadithi imeficha dawa, naye anaitaka akaijaribu nyumbani kwao. Usiku ule sikulala vizuri. Nikaukata mwisho ule, na sasa nimekwama. Mwalimu mwenzangu ananiambia nisipowarudisha nitakuwa nawafundisha watoto kwamba kuachana ni jambo la kawaida. Naombeni mawazo, hasa wenye watoto wa umri huu na waliopitia haya wenyewe.

Baba Neema, Kisasa

Mwalimu, pole na hongera kwa moyo huo. Mimi niko upande wa mwalimu mwenzako. Ni mzee wa kanisa, nimekaa na wanandoa wengi waliokuwa wamefika ukingoni, na nimeona wakirudi. Mtoto anastahili kusoma kwamba hilo linawezekana. Tukimpa hadithi isiyo na tumaini tunamzeesha kabla ya wakati.

Lakini swali la huyo binti limenichoma. Nimelisoma mara tatu. Sina la kukujibu kwa hilo.

Kijana wa Hombolo

Mwalimu, nimezaliwa huko huko ulikompeleka Sechelela, na mimi ndiye huyo mtoto, tofauti ni kwamba ni wa kiume na sasa nina miaka 34. Niruhusu nianze na shamba kisha nije kwenye yaliyonikuta.

Kama kuna sura ambayo Daudi anakuja likizo ya mwezi wa sita kumsaidia baba kuvuna, itoe. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mwezi wa sita hakuna mavuno. Na hapo umepata kitu bila kukitafuta: wakati shamba limejaa, makreti yamepangwa, watoto wanahitajika kuamia ndege, mdogo wake yuko shule mjini. Wakati Daudi anakuja, mizabibu haina cha kuchuma. Mimi nilikuwa namwekea dada yangu kishada kimoja kwenye kikombe cha bati juu ya dari ya jiko. Akifika kilikuwa kimenyauka. Alikula hivyo hivyo.

Sasa la pili. Kilichoniumiza kuliko yote ni kufanywa tarishi. "Ukifika mwambie mama yako ada haijalipwa." "Mwambie baba yako mimi siyo mashine ya hela." Nina miaka kumi, niko kwenye basi kutoka Hombolo kwenda mjini, kilomita arobaini hivi, nimebeba maneno ambayo nikiyafikisha mtu atanuna na nisipoyafikisha mtu atanuna. Nikaanza kuyapunguza makali. Nikiambiwa "mwambie ni mwongo" nafikisha "anasema labda umesahau." Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kigogo kimoja.

Shangazi zangu nao, kila nikirudi: umekula nini kule? Kuna mwanaume anakuja? Na bibi mzaa baba alikuwa hataki jina la mama litajwe wakati wa kula. Siku moja nikausifia mlenda wa mama. Ukimya uliopita pale nausikia hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiwarudishe. Mpe Sechelela siku moja ya kukataa kubeba ujumbe. Aseme, "Baba, mpigie mwenyewe." Mimi sikuwahi kulisema. Ningelisoma nikiwa na miaka 11, labda ningethubutu.

Baba Neema, Kisasa

Kijana, asante. Nauliza kwa nia njema: mtoto wa Kitanzania wa miaka 11 akimwambia baba yake maneno hayo, si ataonekana amekosa adabu? Mwalimu akiliandika, wazazi watakinyima kitabu mlango.

Kijana wa Hombolo

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli, linategemea linavyosemwa. Anaweza kupiga magoti kama tulivyofundishwa, akasema, "Baba, naomba hayo umwambie mwenyewe, mimi nitakosea." Hakuna utovu wa adabu hapo. Na baba anyamaze. Asibadilike siku hiyo hiyo. Wangu angenyamaza wiki nzima.

Mama Mstaafu

Mbukwenyi wote. Wanangu, nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, sasa nimestaafu, niko na wajukuu. Mwalimu, nina mambo ya kukusaidia ili hadithi isimdanganye mtoto.

Ulivyowagawa Sechelela na Daudi ni jambo linalotokea kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Kifungu hicho hicho kinasema watoto wakiwa wawili au zaidi, mahakama hailazimiki kuwaweka wote kwa mzazi mmoja, inaangalia maslahi ya kila mmoja. Na inatakiwa kuzingatia matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake. Sechelela wa miaka 11 anaweza kuulizwa. Kama kwenye hadithi yako hakuulizwa na mtu yeyote, basi mwandike akijua kwamba hakuulizwa. Watoto niliokaa nao walikuwa wanaliona hilo kuliko sisi tulivyodhani.

Halafu Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26: wazazi wakitengana au kuachana, mtoto ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokuwa nacho kabla hawajatengana, na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye anapotaka, mradi masomo yasivurugike. Tazama neno hilo: haki ni ya mtoto. Wazazi wengi walikuja kwangu wakisema "nimemruhusu akamwone baba yake," kama wanagawa zawadi.

Lakini usimpeleke Sechelela mahakamani. Nyumba nyingi mambo haya yanaishia kwa wazee, au kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na mtoto anasikia vipande vipande nyuma ya mlango. Mpe vipande hivyo. Neno "talaka" mtoto analisikia kabla hajajua maana yake. Nilikuwa na mvulana aliyedhani ni ugonjwa, akaniuliza kama utampata na yeye.

Na ombi moja kubwa, mwanangu. Tafuta ukurasa ambapo mtu mzima anamwambia Sechelela waziwazi kwamba si yeye aliyesababisha. Asizunguke. Watoto karibu wote niliowauliza walikuwa na jambo walilodhani ndilo lililovunja nyumba: alivunja sahani, alifeli, alilia usiku. Na mtu huyo asiwe mwalimu. Najua utatamani awe mwalimu. Awe bibi, tena awe kama yule wa Kijana wa Hombolo, aliyekataza jina la mama lisitajwe. Litakuwa na uzito.

Mhariri wa Jioni

Nasema kidogo tu kwa upande wa uandishi. Umri huo mtoto anataka mhusika wake afanye jambo kwa mikono yake, hata dogo. Ndoa si kazi yake kuitengeneza, kwa hiyo mpe kazi nyingine inayoweza kufanikiwa. Kwa mfano, kuhakikisha anaonana na Daudi. Kitu hicho akikipata mwishoni, msomaji hataona umemwacha mikono mitupu, na Baba Neema atapata tumaini lake bila kumdanganya yule binti.

Baki ndani ya macho ya Sechelela kitabu kizima. Usituingize kichwani mwa mama hata mstari mmoja, hata kama unamjua vizuri. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kundi la hadithi za watoto. Mswada ukikamilika usiuweke kabatini.

Mwalimu wa Ijumaa

Nimerudi baada ya wiki mbili. Asanteni sana, kila mmoja. Mama Mstaafu, shikamoo, na umenikamata: alikuwa mwalimu kweli. Nimemtoa.

Mavuno nimeyahamishia Agosti. Kishada kwenye kikombe cha bati nimekiomba kwa Kijana wa Hombolo kwa ujumbe binafsi, ameniruhusu. Sura ya saba sasa Sechelela anapiga magoti na kukataa kubeba maneno, baba anaondoka kwenda shambani bila kumjibu. Sura ya nane bibi anamkuta jikoni akitazama dari, anamteremshia kile kikombe, anaketi chini kwenye kigoda. Anamwambia, "Mama yako anapika mlenda kuliko mimi. Na hawa wawili walishindwana wenyewe. Wewe hukufanya kitu." Halafu anaendelea kuchambua mboga. Mwishoni baba anapiga simu mwenyewe, kwa dakika mbili, kupanga Jumamosi zipi Daudi atakuja. Mama na baba hawarudiani.

Nimeisoma jana. Hawakupiga makofi. Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hachangii, akasema bibi amechelewa sana kusema. Wakabishana juu ya hilo hadi mlinzi akaja kufunga geti.

Yule binti alisubiri tena. Nilijiandaa kwa swali. Akaniomba zile karatasi aende nazo nyumbani, nikampa. Alifika getini akageuka, akarudi mbio, akauliza kama anaweza kupata nakala mbili.