Chatiboti inayojiendesha: kwa nini idhini ya mwenye duka imezimwa tangu mwanzo?

Ndugu wanajukwaa, nina hasira na sitaificha. Duka letu la vipuri vya pikipiki linatumia chatiboti ya akili mnemba inayowajibu wateja kwenye WhatsApp, kuangalia stoo na kuandika oda bila mtu kuisimamia. Kampuni iliyotuuzia ilituhakikishia kwamba kila kitu kinapangika. Haikutuambia kwamba ukurasa wa mipangilio ukifunguliwa kwa mara ya kwanza unakuta ruhusa zote zimeshawashwa, yaani kusoma namba za simu za wateja, kubadili bei, kufuta oda na hata kuahidi kurudisha fedha, ilhali kipengele pekee kinachomlinda mwenye duka, kile cha kuomba idhini kabla ya kutenda, kimezimwa na kusukumwa mwisho kabisa, chini ya "Mengineyo".

Chatiboti ilipompa mteja punguzo ambalo hatuna, tulijibiwa kwamba tuongeze kwenye maelekezo yake sentensi ya kuikataza kutoa punguzo. Sentensi hiyo ilikuwamo tayari! Maelekezo ni maandishi tu, ambayo modeli, yaani programu ya akili mnemba inayotunga majibu ya chatiboti, huyasoma pamoja na maneno ya mteja, na mteja aking'ang'ania au akiandika kwa hila, modeli inaweza kuyaacha. Kizuizi cha kweli ni kuinyima programu uwezo wenyewe: ufunguo inaoingilia kwenye hifadhidata uiruhusu kusoma bei, usiiruhusu kuandika. Mpangilio wa kuuwekea ufunguo huo mipaka haupo popote. Badala yake tulishauriwa kushusha "halijoto" ya modeli, yaani kipimo cha kiasi inachobahatisha inapochagua maneno, hadi 0, ushauri ambao fundi yeyote mkweli angeona aibu kuutoa, kwa sababu kuishusha hupunguza kubahatisha huko tu na hakuongezi ukweli hata kidogo. Kosa litabaki, ila sasa litarudiwa karibu vilevile kwa kila mteja.

Wala wasituambie kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Mwezi Februari 2024, baraza la kutatua migogoro ya madai la British Columbia, nchini Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na chatiboti yake kuhusu nauli nafuu za wafiwa, na likakataa hoja kwamba chatiboti hiyo ilipaswa kuwajibika yenyewe. Mimi nisiye na shirika la ndege nitajitetea kwa lipi?

Kinachouma zaidi ni kwamba kila programu inaposasishwa, ruhusa tulizozima huwaka tena bila taarifa. Ninaitaka kampuni hiyo izizime zote tangu mwanzo, iniachie mimi kuwasha ninayoihitaji, na iweke kumbukumbu ya kila badiliko ikionyesha aliyelifanya na saa yake. Hadi hapo, chatiboti yetu itajibu maswali ya bei tu, na oda zitaandikwa na mtu. Mwenye mtoa huduma anayetenganisha ruhusa za kusoma na za kuandika amtaje hapa.